Muhuri wa Kisiwa cha Jirani na Ng'ombe wa Dada Yangu

Watu wa Mungu, Bwana apewe sifa! Wazee wangu mlioketi hapo mbele, shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana wa kwaya, nawasalimu katika jina la Yesu. Nimesikia mlivyoitikia, lakini makofi msinipigie bado. Nisikilizeni kwanza, halafu kila mtu aamue mwenyewe kama mikono yake inataka kupiga.

Mnanijua. Mimi ni Mgandi, mzaliwa wa hapa hapa Mkongani, yule mwenye kelele. Kwenye harusi na kwenye matanga, pakitafutwa msemaji mimi husimama kabla sijaitwa. Riziki yangu iko Diani, ufukweni, nauza vinyago na kutembeza wageni. Najua Kiingereza cha kutosha, na Kiitaliano cha kuuzia kinyago. Na nilikuwa mjumbe wa kamati yetu sisi wachuuzi wa ufukweni. Kazi yangu kwenye kamati ilikuwa kukagua beji. Mtu akionekana anauza bila beji ya leseni, mimi ndiye niliyetumwa kumfukuza, na kazi hiyo niliipenda, ndugu zangu, niliipenda kupita kiasi. Siku moja nilimfukuza mama mtu mzima aliyetoka Bodo na vikapu vyake vya ukindu. Nikamwambia mbele ya wageni, "Mama, bila leseni sisi hatukutambui." Akajitwika vikapu vyake akaenda zake. Mimi nikajiona bwana mkubwa.

Sasa nije kwenye habari yenyewe, maana naanza kuzungukazunguka.

Dada yangu Mwaka mnamjua pia. Yuko pale, mstari wa akina mama. Alifiwa na mume watoto wakiwa bado wadogo, Nyamvula na mdogo wake Mwero. Nyamvula alipoolewa, mahari yake ililetwa ng'ombe, na wote tunajua ng'ombe wale walikuwa wa nini. Kwetu mahari ya dada ndiyo humwolea kaka. Ng'ombe wa Nyamvula walikuwa wa kumwolea Mwero, basi. Dada aliogopa kuwaacha pale boma la marehemu, maana shemeji zake walikuwa wameanza kuwaangalia kwa macho mengine. Mimi nikasema, tena kwa sauti, "Mjomba yupo! Walete kwangu." Wakaletwa zizini kwangu. Dada yangu akalala usingizi.

Ndugu zangu, sikuamka asubuhi moja nikasema leo nitamwibia mjane. Ilianza msimu wa wageni ulipokuwa mbaya, hoteli tupu, tumekaa ufukweni tunapiga soga mpaka maneno yanakwisha. Fundi mmoja wa simu pale Ukunda, kijana wa bara, akanionyesha kasino ya kwenye mtandao. "Buda, cheki hii, watu wanaomoka," akaniambia, yaani wanatajirika. Gurudumu linazunguka, taa zinamulika, muziki unalia kama harusi. Mtu mwingine angejiuliza kama ni halali mbele za Mungu. Mimi nilijiuliza kama ina leseni! Nikamwambia, "Wacha bwana, mimi si wa kudanganywa, wacha niikague."

Nikateremka mpaka chini kabisa ya ukurasa, pale ambapo watu hawafiki. Nikaukuta muhuri umekaa vizuri, na namba, na jina la kisiwa kilichotoa leseni. Na kisiwa chenyewe, jamani, si cha Ulaya wala wapi. Ni cha bahari yetu hii hii, jirani! Jina sitalitaja. Kule Msambweni na Vanga kuna nyumba mpaka leo zina jamaa huko, wamezikana, wameoana, wanawake wao hujifunga leso kama wetu. Nikasema, aa, hawa ni watu wetu. Ingekuwa ni leseni ya nchi nisiyoijua labda ningesita. Lakini hawa, nani atadanganywa na jirani? Huo ndio ukaguzi wangu mimi mkaguzi. Niliangalia jina la kisiwa nikaona undugu, nikafungua akaunti.

Siwachoshi kwa kuwaeleza mchezo. Anayeujua anaujua, na asiyeujua namwomba asijifunze kwangu. Nitasema tu kwamba nilicheza ufukweni, nilicheza chooni, nilicheza mke wangu Dzame akinieleza homa ya mtoto, nami naitikia "ehe, ehe" bila kusikia neno. Nilicheza humu! Kwenye benchi lile la karibu na dirisha, mchungaji anahubiri, simu nimeifunika kwa Biblia. Niliiweka Biblia juu ya kasino, ndugu zangu, mkadhani nasoma. Naona haya hata kulitamka hilo.

Fedha zangu zilipokwisha nilimtazama ng'ombe wa kwanza zizini. Nikajiambia namkopa tu. Nikamuuza kwa mchinjaji. Halafu wa pili akamfuata wa kwanza. Dada alipokuja kututembelea akaona zizi limepungua, nikamwambia nimewapeleka kwa jamaa upande wa Kinango, huko kuna malisho. Akanishukuru! Akasema, "Kaka, unajisumbua sana kwa ajili yetu." Chakula alichotuletea siku hiyo nilikila chote.

Sasa sikilizeni jinsi shetani alivyo fundi. Siku moja nilishinda. Kweli nilishinda, na kiasi chenyewe kingerudisha ng'ombe wote zizini na ningebaki na kitu. Nilipiga magoti pale mchangani, nikalia, nikamshukuru Mungu kwa kazi ambayo hakuwa ameifanya Yeye. Nikaomba fedha zangu. Wakasema nitume kitambulisho. Nikatuma. Wakasema nijipige picha nimekishika kitambulisho karibu na uso. Nikajipiga. Wakasema nitume bili ya maji kuthibitisha ninapoishi. Bili ya maji, Mkongani hii! Dzame huchota kisimani. Nikawaandikia kwa adabu kwamba kisima hakina bili. Wakanijibu kwamba ile zawadi ya fedha waliyonipa nilipofungua akaunti ina masharti, lazima kwanza nizizungushe fedha zile tena na tena ndipo nitoe. Nikazizungusha, zikapungua. Nilipouliza mara nyingine, akaunti ikafungwa kabisa, nikaachwa nje ya mlango.

Hapo ndipo nikaukumbuka muhuri. Nikaubonyeza. Haukufunguka popote, ulikuwa picha tu! Mimi niliyekuwa nikiigeuza beji ya kila mchuuzi mbele na nyuma, sikuwa nimeubonyeza hata siku moja. Nikaitafuta ofisi ya leseni ya kile kisiwa, nikawaandikia barua pepe ndefu, naanza na salamu, nawakumbusha undugu wetu wa tangu enzi za mababu. Wakajibu kwa maneno machache. Namba ile ni ya kampuni nyingine na muda wake umekwisha, na hiyo tovuti ninayoisema wao hawaitambui.

Hatuitambui. Niliposoma neno lile nilimwona yule mama wa Bodo na vikapu vyake, nikaizima simu.

Sikukoma. Nilivuka feri mpaka Mombasa, kwenye ofisi ya serikali. Nikapokelewa na afisa mmoja, dada mtu mzima, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunicheka. Akaniambia, "Baba, aliyempa mtu leseni ndiye awezaye kumuita na kumwadhibu. Sisi tunawaita waliosajiliwa kwetu tu. Kuna nchi zikitoa leseni humbana mwenye kasino, aweke fedha za wachezaji kando, na malalamiko ayajibu. Kuna nyingine zikishapokea ada hazimuulizi tena lolote. Na huyu wako hata hiyo hana, ameweka picha ya leseni ya mwenziwe. Utamshtaki nani?" Akaongeza neno moja ambalo sikulitaka. Akasema, "Na hata mwenye leseni safi, baba, riziki yake ni wewe kushindwa."

Mtu mwenye akili angeshika njia ya nyumbani. Mimi nilichukua nusu ya maneno yake, ile nusu iliyonifaa. Nikasema, kumbe kosa langu lilikuwa ni leseni tu! Sasa nitacheza penye leseni ya kweli, ya nchi yangu, wenye ofisi na simu inayopokewa. Na kweli walikuwa watu wa adabu. Nikishinda kidogo walinilipa palepale. Nikipiga simu wananiita mheshimiwa. Kila kitu kilikuwa halali na wazi, ndugu zangu, na hapo hapo penye uhalali ndipo ng'ombe waliobaki walipoishia. Wale wa kwanza naweza kusema waliniibia. Hawa hawakuniibia. Niliwapelekea mwenyewe kwa mikono yangu. Basi mtu asije akaniambia, Mgandi, ungeangalia leseni vizuri. Leseni ya kweli ingenipa mahali pa kulalamikia. Moyo wangu isingeushika.

Zizi likawa tupu. Na Mwero akapata mchumba.

Binti mzuri, mnamjua, Mbeyu wa Mzee Chirima. Na Mzee Chirima ni mtu wa mila. Akasema kabla hatujakaa kuzungumza lolote, yeye na ndugu zake watakuja kuwaona ng'ombe kwa macho. Dada akanipigia simu, sauti imejaa furaha, "Kaka, warudishe ng'ombe kutoka malishoni, wakwe wanakuja!" Nikasema sawa. Nilisema sawa, dada yangu, unakumbuka.

Nikamwendea jirani yangu, Mzee Bakari. Ni Mwislamu, muungwana, hajapata kumnyima mtu kitu. Huku kwetu mtu humwomba mwenziwe ng'ombe walale shambani kwake siku chache, shamba lipate samadi. Nikamwomba hivyo hivyo. Nikamwambia shamba langu limechoka. Akasema, "Hilo la kuomba, jirani? Wachukue, insha'Allah mvua ikinyesha utavuna." Akanipa na kamba. Nikawaswaga ng'ombe wa mtu mwema mpaka zizini kwangu, nikawapanga pale, nikafagia.

Wageni wakaja asubuhi. Dada alikuwa amepika tangu alfajiri, wali wa nazi na kuku, kitoweo kinanukia mpaka barabarani. Mzee Chirima akaingia zizini, akawazunguka ng'ombe, akawapapasa mgongoni, akawatazama ndugu zake wakatikisa vichwa kukubali. Walipendezwa! Hakuna aliyeshuku, maana hata dada na Mwero hawakuwa wamewaona ng'ombe wao kwa muda mrefu. Mwero alikuwa amesimama kando na shati lake jipya, anajitahidi asicheke kwa furaha. Nami nikaanza hotuba yangu, maana mimi ni msemaji. Nikasema, "Wakwe zetu, mmejionea. Mali ndiyo hii."

Ndipo dada yangu akaomba aseme neno. Si kawaida yake, ni mtu mnyamavu. Akasema, "Mungu alimchukua mume wangu, lakini hakuniacha mkono mtupu. Aliniachia kaka." Akaanza kulia, na machozi yenyewe yalikuwa ya furaha. Akasema, "Kila siku nikiomba, hujiambia kwamba kuna mtu mmoja duniani ambaye sihitaji kumchunguza."

Ndugu zangu, niliwatazama wale ng'ombe, nikajitazama mimi. Mali ya mwingine, nimeiweka mbele ya watu, nasema mnaiona, aminini. Ule ulikuwa muhuri! Nilikuwa nimefanya kile kile nilichofanyiwa, na mimi nilimfanyia mtu niliyenyonya naye ziwa moja. Haya ilinishuka mwilini, nikashika mti wa zizi. Moyoni nikasikia, sema. Nikajibu, siwezi. Nikasikia tena, sema.

Nikasema, "Hawa ng'ombe ni wa Mzee Bakari."

Mzee Chirima akanigeukia. "Unasemaje?"

"Ng'ombe wa mwanangu Mwero nimewauza. Wote. Nimewacheza kamari kwenye simu. Hawa nimewaazima ili niwaonyeshe nyinyi."

Hakupandisha sauti. Akasema, "Basi sisi tumeitwa hapa kuonyeshwa nini?" Akachukua bakora yake na kofia yake, wakatoka. Hawakula. Mnajua maana yake mkwe kuondoka bila kuonja chakula. Wali ule ulibaki kwenye sinia umefunikwa kawa. Dada yangu alikaa chini pale pale kwenye kinyesi cha ng'ombe, na nguo yake ya kutokea, akajifunika leso usoni. Mwero alicheka. Ndiyo, alicheka, kicheko kifupi, sitaki kukisikia tena. Akasema, "Mjomba yupo," akaenda zake.

Alasiri hiyo hiyo niliwarudisha ng'ombe, nikamweleza Mzee Bakari ukweli wote. Akasema, "Ungeniambia unaziba aibu, Mgandi, ningekukatalia. Ndiyo maana hukuniambia." Akapokea kamba zake.

Watu hushuhudia kwamba waliwekewa mikono wakafunguliwa papo hapo. Utukufu kwa Bwana! Mimi Bwana alinifungua mle zizini, nilipofungua mdomo. Mchungaji aliniombea baadaye, nami namshukuru, lakini ile kamba ilikatika nilipolisema neno ambalo nilidhani nikilisema nitakufa. Sikufa. Na sisemi uongo mbele ya madhabahu hii, hamu ilirudi. Mikono iliniwasha. Nilimkabidhi Dzame simu ile kubwa, mimi natembea na kabambe isiyojua lolote ila kupiga na kupokea. Hamu ikija, namwendea Dzame namwambia, imekuja. Hunipa jembe. Kwenye kamati nilijiuzulu. Na nilikwenda Bodo kumtafuta yule mama wa vikapu nimwombe radhi. Alinisamehe haraka mno, nikaona haya zaidi.

Mzee Chirima alikaa kimya miezi. Halafu akatuma neno kwamba binti yake amekataa wengine wote, na yeye hana ugomvi na Mwero. Ng'ombe waje mmoja mmoja, wapelekwe na Mwero mwenyewe. Lakini Mgandi asiwe msemaji, na kiti cha mjomba asikalie. Naendelea kulipa. Naamka mapema kuliko nilivyowahi kuamka, nauza vinyago, nalima mashamba ya watu, na sehemu kubwa ya jasho langu inaelekea kwa Mzee Chirima. Bado sijamaliza.

Harusi ilifanyika, mlikuwepo wengi wenu. Kiti cha mjomba alikaa binamu yangu, akasema maneno yaliyokuwa yangu kusema, tena aliyasema vizuri. Mimi nilikuwa na birika na beseni, nanawisha wageni mikono. Naliona hilo ni haki. Nikapita mstari kwa mstari, wengine wananitazama, wengine wanatazama mikono yao. Nikafika kwa dada yangu. Tangu siku ile ya zizini alikuwa hajanisemesha, hata salamu. Akanyoosha mikono. Nikamimina. Maji yakamwagikia nguo yake, nikazidi kumimina tu maana sikujua jinsi ya kuacha. Akasema, bila kuniangalia:

"Yatosha, kaka."

Kaka! Ndugu zangu, sijui kama alikusudia. Sijamuuliza, wala leo simuulizi hapa mbele yenu. Nililibeba beseni lile nikaenda nyuma ya jiko, nikalia mpaka wapishi wakadhani ni moshi.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia. Namshukuru Dzame. Namshukuru Mzee Bakari, aliye msikitini kwake na hasikii haya. Na wewe uliyeketi hapo na simu mfukoni, unayejiambia kwako ni tofauti kwa sababu umekagua, leseni ipo, muhuri upo, wanalipa, nakusihi. Kuna mtu nyumbani anayekuamini bila kukuchunguza. Usingoje siku atakaposimama mbele ya wageni kukushukuru. Njoo mbele, useme. Yesu hakuniuliza beji. Mimi nimesimama hapa, tayari nimekwisha kuonekana na kila mtu, basi njoo usimame karibu nami, haya ya kwanza nimekutangulia kuibeba.